Wiki Kumi na Tatu

Mama yangu, Ndinda, alilala kitandani kwa muda mrefu mara mbili katika maisha yake. Mara ya kwanza alikuwa na miaka kama ishirini na nne, na aliamka. Mara ya pili alikuwa na sitini. Mimi ndiye niliyemshika miguu siku ile mfupa ulipovunjika, kwa hiyo nitasimulia mimi, ingawa ndugu yangu Kisilu angependa jambo hili lisitajwe tena na mtu yeyote.

Kwetu ni upande wa juu wa Nunguni. Mashamba yameinama sana huko, hata boga likikuponyoka unalifuata kwa jirani. Kwa sababu hiyo kazi ya kwanza ya kila mwanamke aliyeolewa pale ilikuwa kuchimba matuta ya kuzuia udongo, na mama aliipenda kazi hiyo. Mwaka wa 1961 alikuwa kwenye matuta na wanawake wengine. Waliokuwa juu wakalegeza jiwe, likabiringika, likampiga paja la kushoto. Mimi nilikuwa na miaka miwili. Nilipelekwa kwa nyanya, na mama akabebwa hadi hospitali ya misheni.

Mambo ya hospitali aliyasimulia mara nyingi hadi mimi pia nikawa kama niliyaona. Mguu ulitundikwa kwa kamba iliyopita juu ya gurudumu dogo, na mwisho wa kamba wakaning'iniza vyuma vizito vya kuuvuta mfupa unyooke. Nesi mzungu alimwambia, kwa Kikamba chake cha kukwaruza, asijigeuze, asiinuke, asijaribu kitu. Atulie wiki kumi na tatu. Nao huo ulikuwa mwaka wa njaa kali. Watu wa kwetu bado wanauita mwaka wa ndege, maana chakula cha msaada kilidondoshwa kutoka angani. Nyumbani tulikuwa tunachemsha majani. Mama, akiwa amelala chali, alipata uji, maharagwe na kikombe cha maziwa kila siku.

Kitanda cha pembeni yake kilikuwa cha msichana mmoja wa Kikima aliyeitwa Ndululu, ameolewa juzijuzi, naye amevunjika paja vilevile. Wiki ya tano Ndululu alisikia kwamba mtoto wake analia njaa. Alifungua kamba mwenyewe na kutoroka. Miaka iliyofuata tulimkuta sokoni, mguu umepinda kwa nje, akitembea kama mtu anayeruka mtaro kila hatua. Mama hakuwahi kupita bila kunishika bega na kuniambia kwa sauti ya chini, "Unamwona? Huyo hakungoja."

Yeye alingoja. Wiki ya kumi na tatu walimfungua. Mguu ulikuwa umekonda, alipewa magongo, na kwa miezi kadhaa alitembea akishika kuta. Lakini kabla ya mwaka kwisha alikuwa anapanda kutoka mtoni na debe la maji mgongoni, ukanda umekaza kwenye paji la uso. Alizaa watoto wengine watano, Kisilu akiwa wa kwanza wao, na kila mmoja alinyonya miaka miwili. Alirudi kwenye kikundi cha wanawake wa matuta na akawa msimamizi wao. Alibeba mchanga wa kujengea shule. Alimzika baba yetu, Muthama, mwaka wa 1986, na wiki iliyofuata alikuwa shambani.

Sikuwahi kumwona amelala mchana. Ndiyo maana barua ilipofika Kanyangi, mwishoni mwa Machi 1997, niliisoma mara mbili.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Kanyangi, upande wa Kitui, nimeolewa huko, na nyumbani Nunguni nilifika wakati wa likizo tu. Barua ilikuwa ya Syombua, mke wa Kisilu, ambaye alikaa boma moja na mama. Aliandika kwamba mama aliinama kuinua sufuria ya muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa tunayopika na maharagwe, akasikia kitu kimekatika mgongoni. Alikaa siku mbili bila kusema. Kisha alienda zahanati kwa daktari Kilonzo, akapewa vidonge, akaambiwa apumzike. "Sasa anapumzika," Syombua aliandika. Hapakuwa na neno lingine.

Likizo ya Aprili nilimkuta katika chumba chake cha nyuma, amelala chali, mikono juu ya blanketi, uso umetulia. Alifurahi kuniona. Alitoa amri kutoka pale pale: kuku wafungiwe, mahindi yageuzwe juani, Syombua asisahau chumvi.

"Mwaitu, unaumwa sana?" nilimuuliza. Mwaitu ndilo neno tunalomwitia mama kwa Kikamba.

"Si sana nikitulia. Hii ni wiki ya nne. Bado tisa."

"Tisa za nini?"

Alinitazama kama vile nilikuwa mtoto darasani. "Mfupa ni wiki kumi na tatu, Nthenya. Kwani sikukuambia?"

Nilimuuliza kama ndivyo daktari alivyosema. Akasema daktari alisema apumzike. Basi. Sikwenda kumuuliza Kilonzo mwenyewe, ingawa zahanati haikuwa mbali. Mama alikuwa anakula, anacheka, anaomba na akina mama wa kanisa waliokuja Jumatano kumwimbia. Na kusema kweli, nilifikiri anastahili. Mwanamke aliyefanya kazi miaka arobaini bila kukaa, nani angemwambia aamke? Kisilu alikuwa amemwekea godoro jipya. Aliligonga kwa ngumi kunionyesha unene wake. "Mama hatashika jembe tena," aliniambia. "Hiyo imeisha."

Wiki ya kumi na tatu ilitimia mwishoni mwa Juni, na haya nilihadithiwa na Syombua. Mama aliomba leso safi na akakaa ukingoni mwa kitanda. Alipotaka kusimama, chumba kilizunguka. Magoti yalikataa. Maumivu yakamchoma mgongoni, mahali pa juu kuliko pale pa kwanza, naye akaanguka nyuma kwenye godoro. Akasema, bila hasira, kwamba mfupa bado haujashika, kwa kuwa yeye sasa ni mzee na mzee huchelewa. Akajiongezea wiki nyingine kumi na tatu.

Julai huko kwetu ni ukungu na manyunyu. Jua halionekani siku saba mfululizo. Walifunga dirisha lake kwa sababu ya baridi, wakalijaza matambara kwenye nyufa, na halikufunguliwa tena.

Nilipofika Agosti niliingia moja kwa moja chumbani nikafunua blanketi nimnyooshe miguu. Nyayo zake zilikuwa laini. Zile nyayo ambazo tangu nikiwa mdogo zilikuwa na magaga ya kukwaruza mkeka zilikuwa laini na za rangi iliyofifia, kama za mtoto ambaye hajaanza kutembea. Misuli ya miguu ilikuwa imekwisha. Nilimgeuza ubavu kwa mkono mmoja, na wepesi wake ulinitia hofu hata nikamrudisha haraka. Alikohoa. Mara akashika mbavu, akafumba macho, jasho likamtoka.

"Nini, mwaitu?"

"Kikohozi tu. Wiki iliyopita pia kilifanya hivi."

Safari hii nilikwenda kumleta Kilonzo. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye kazi nyingi kuliko saa za siku. Alimpima mama muda mrefu, akabonyeza uti wa mgongo kidole kwa kidole, akagusa mbavu. Kisha akauliza, akitutazama sisi sote, "Nani alimwambia alale miezi mitano?"

"Ni wewe, daktari," mama akajibu.

Kisilu alisimama mlangoni akitazama chini.

"Nilisema siku chache, mama. Usibebe mizigo, halafu uanze kutembea polepole."

"Mimi nililala wiki kumi na tatu na mguu umevunjika vipande viwili. Niliamka nikazaa watoto watano. Na wewe ulikuwa hujaanza shule."

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Huyu Kisilu alikuwa hajazaliwa."

Kilonzo alivuta kigoda akaketi karibu na kichwa chake. Alisema naye kwa Kikamba, taratibu, kwa heshima. Nakumbuka karibu kila neno. Alisema mfupa hauko kama jiwe. Mwili unaubomoa kidogo kila siku na kuujenga upya kila siku, na unajua kiasi cha kujenga kwa uzito ambao mfupa unabeba. Ukisimama, ukipanda mlima, ukibeba maji, mwili unajenga. Ukilala, mwili unaona mfupa hauna kazi, unaubomoa. "Hata mwaka ule mwili ulibomoa," alisema. "Ndiyo maana ulitoka na magongo. Lakini ulikuwa kijana. Uliposimama tena, ulijengewa upya, polepole, hadi ukasahau. Sasa ni tofauti. Mwanamke akiacha kuona mwezi, mfupa wake unapungua hata akitembea. Wewe ulianza kulala ukiwa tayari umepungukiwa. Nadhani pingili moja ya mgongo ilibonyea kwa sababu hiyo, siku ile ya sufuria. Na tangu hapo, kila wiki uliyolala imechukua kitu. Kitu hicho hakirudi chote."

"Kwa hiyo unataka niinuke na mfupa haujashika."

"Nataka uinuke kwa sababu umeanza kuisha."

Mama aligeuza uso ukutani. Nilijua anamwona Ndululu pale ukutani.

Hata hivyo alinikubalia mimi, maana nililia. Kwa wiki mbili nilimkalisha ukingoni mwa kitanda, dakika chache asubuhi, chache jioni. Nilifungua lile dirisha. Siku ya tisa alisimama, akinishika shingo kwa mikono yote miwili, akitetemeka mwili mzima. Siku ya kumi na mbili tulifika mlangoni. Jua lilikuwa limetoka, akakaa kwenye kiti akikunja macho, akauliza mbona nyumba ya jirani imesogea karibu. Nilimwandikia Syombua karatasi ya mambo ya kufanya kila siku, nikaibandika ukutani, nikarudi Kanyangi nikiamini kwamba tumeshinda.

Ile karatasi haikufuatwa hata wiki moja. Sitamlaumu Syombua. Alikuwa na watoto watatu, ng'ombe, na shamba la mteremko, naye alikuwa mke wa mtoto: hakuweza kumvuta mama mkwe kitandani kwa nguvu. Alipojaribu, mama alilia kwa maumivu, Kisilu akatoka chumba cha mbele akasema, "Mwache mama. Unataka kumuua?" Nilipomuuliza baadaye kwa nini, aliniambia kwamba aliposikia mama analia hakuweza kuvumilia. Katika maisha yake yote hakuwa amewahi kumsikia mama akilia.

Mwezi wa Oktoba walimu tuligoma nchi nzima, karibu wiki mbili. Ningeweza kwenda nyumbani. Mawingu yalikuwa yamekusanyika, kila mtu Kanyangi alikuwa anapanda, nami nilibaki kupanda mbaazi. Nilijiambia kwamba karatasi iko ukutani.

Kisha mvua ikanyesha kama ambavyo hatukuwahi kuiona. Redioni waliiita El Niño. Madaraja yalikwenda. Shule zilipofungwa nilisafiri siku tatu safari ya siku moja, na kilomita za mwisho nilipanda kwa miguu, viatu mkononi. Mahali pengine mteremko ulikuwa umemomonyoka wote, matuta na kila kitu, ukaacha udongo mwekundu ulio wazi.

Chumba cha mama kilikuwa kinanuka unyevu. Yeye alikuwa amerudi vilevile, chali, ila sasa mgongo ulikuwa umejikunja hata kidevu kikakaribia kifua. Kando ya kichwa chake ukuta wa matofali mabichi ulikuwa na ufa ambao ningeweza kuingiza mkono. Maji yalikuwa yanatiririka ndani yake.

"Tangu lini?" nilimuuliza Kisilu.

"Tangu jana kutwa. Tumhamishe kwangu leo hii."

Ilikuwa saa sita mchana. Tulikubaliana vizuri, kama watu wanaobeba yai. Kisilu angeshika mabega, Syombua kiuno, mimi miguu. Tulimfunga vizuri kwenye blanketi. Mama mwenyewe alitupa maagizo: taratibu, pamoja, msivutane. Tukamnyanyua. Hakuwa na uzito wowote. Tulipogeuka kuelekea mlango, kona ya blanketi ilinasa kwenye mguu wa kitanda, na mimi, bila kuona, nilizungusha goti lake la kulia kidogo ili nipite.

Sauti haikuwa kubwa. Mvua ilikuwa inapiga mabati kwa nguvu zote, na bado niliisikia. Syombua pia aliisikia, kwa maana aliniangalia. Paja lililegea mikononi mwangu.

Mama hakupiga kelele. Alivuta pumzi, akasema kwa mshangao, "Huo ni ule mguu mzima."

Ukuta ule ulianguka siku mbili baadaye, juu ya kitanda kitupu. Wakati huo tulikuwa tumeshamfikisha hospitali. Wanaume wa kanisa walimbeba juu ya mlango wa ghala kwa saa tano hadi mahali gari lilipoweza kufika, wakipokezana, na mimi nilitembea kando nikiushikilia mguu usicheze. Tuliimba ili asisikie tunavyoteleza.

Daktari wa hospitali alikuwa kijana. Aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga wa dirisha akaniita. Mimi nilitarajia kuona mifupa myeupe, kama ile ya kwenye vitabu vya sayansi ninavyofundishia. Niliona kijivu hafifu, kimezungukwa na mstari mwembamba mweupe, kama kitu kilichochorwa kwa penseli na kufutwa. Katika picha hiyo hiyo mfupa wa kushoto, ule wa 1961, ulionekana na fundo lake la zamani pale ulipounga. Hilo fundo ndilo lililokuwa jeupe kuliko vyote.

"Kwa kawaida tungeweka chuma ndani," daktari alisema. "Lakini chuma kinahitaji mahali pa kushika. Hapa hakitashika."

"Kwa hiyo?"

"Tutauvuta kwa kamba. Tuone."

Alipouliza umri wa mama nilimwambia sitini. Akaandika, akasita, akaniuliza tena.

Walipomtundika mguu na kuning'iniza vyuma, mama aliangalia lile gurudumu, akaangalia kamba, na uso wake ukafunguka. Alikuwa hajatabasamu hivyo tangu Aprili. "Sasa nimefika kwa wanaojua kazi," aliniambia. Alinituma nimletee kalenda. Kila asubuhi alinifanya nipige mstari kwenye siku iliyopita. Manesi walimpenda kwa sababu hakusumbua kama wagonjwa wengine. Hakujigeuza, hakuomba kuinuliwa. Waliniambia nimhimize avute pumzi ndefu na akohoe. Nilimhimiza. Alikataa, kwa sababu kukohoa kulimvunja mbavu, na pia kwa sababu, alisema, mtu aliyetundikwa hapaswi kutikisika.

Wiki ya tano homa ilianza. Kifua kilijaa. Daktari alisema mapafu ya mtu mzee aliyelala na kujikunja hayana nafasi. Walimpa sindano, wakamwinua kidogo kwa mito, naye akawa anateleza chini tena. Tarehe kumi na tisa Januari alinishika mkono wakati wa chai ya saa nne, akaniuliza zimebaki wiki ngapi. Nikasema nane. Akatikisa kichwa kukubali, kama mtu ambaye hesabu yake imelingana. Alifariki kabla ya chakula cha mchana.

Sanduku lilitengenezwa Nunguni na fundi Mutie, ambaye alikuwa rika la Kisilu na alikua akila kwetu. Hakuja kupima. Alimjua mama, alisema, ana haja gani ya kupima? Siku ya mazishi, mimi na Syombua tulipomlaza ndani, tuliona nafasi iliyobaki chini ya miguu yake. Ilikuwa ya zaidi ya shubiri moja. Mama alikuwa mrefu kuliko wanawake wote wa kikundi chake, na Mutie alitengeneza sanduku la mwanamke huyo.

Syombua alikwenda akaleta blanketi mbili. Tulizikunja tukazijaza pale, tukazibonyeza ziwe sawa, kisha tukafunika kwa shuka jeupe hadi kifuani. Nje watu walikuwa wameanza kuimba. Kisilu aliingia kumwangalia mara ya mwisho, akasimama muda mrefu, akasema analala vizuri. Tukamwambia ndiyo.